Nimeua Injini ya Marehemu Baba

Jamaa zangu, leo nimeaibika mpaka kwetu Marangu naona pachungu.

Mnajua nafundisha ufundi wa injini chuoni hapa Moshi mjini. Asubuhi nikapanda nyumbani na boksi la spana. Mashine ya Baba ya kukatia majani ya ng'ombe iliishiwa nguvu wiki ileile tuliyomzika. Mama ana bega bovu, hawezi kukatakata migomba kwa panga. Alishasema wazi: "Leo isipofanya kazi, namuuza ng'ombe. Mnunuzi anakuja saa kumi." Ng'ombe wa mwisho wa Baba, jamani!

Nikafungua injini nibadilishe ringi za pistoni. Nikampa na somo baba mdogo, ndugu yake Baba, aliyekuwa akinishikia spana (hakuna aliyeliomba).

"Baba mdogo, hii ndiyo konrodi. Juu imeshika pistoni, chini imeshika kranki, mhimili unaozungusha visu. Pistoni inapanda na kushuka, konrodi inaugeuza mwendo huo kuwa mzunguko. Hiki kijiko cha chini kinarusha oili, chuma kisikauke."

"Sawa, mwalimu," akasema. "Washa."

Nikaisugua konrodi kwa msasa mpaka ikang'aa. Nikafunga kifuniko chake cha chini, chenye kile kijiko, nikakaza bolti, nikavuta kamba. Ikawaka! Mama akapiga kigelegele, halafu akalia. Mlio ulikuwa uleule wa enzi za Baba akiwa uani. Nami nikalia (kidogo tu).

Kisha ko. Ko ko ko. KAA! Konrodi ikakatika, ikatoboa ubavu wa injini, ikatoka nje kutusalimia. Oili yote kwenye shati langu jeupe. (Ndiyo, nilivaa jeupe.)

Mama akaokota kipande, akakigeuza. "Zile nukta ziko wapi?"

"Nukta gani, Mama?"

"Baba yako alizigonga kwa msumari. Moja kwenye konrodi, moja kwenye kifuniko. Zikae upande mmoja, ndiyo kijiko kinachota oili. Alikuwa anasahau."

Nilidhani ni mikwaruzo! Nimezifuta kwa msasa, kifuniko nikakifunga kinyume, chuma kikazunguka kikavu. Alama za mkono wa Baba. Imeniuma kuliko nilivyotegemea.

Baba mdogo hakucheka. Afadhali angecheka.

Saa kumi mnunuzi akafika. Mama hakunilaumu, alinikabidhi kamba tu. Ng'ombe akanifuata hadi kwenye gari bila ubishi, maskini.

Mkicheka, chekeni kwa sauti ndogo. Mama yuko bandani, anafagia pasipo na ng'ombe.