King'ong'o cha Nyambura

Ndugu zangu wa Tanga, leo nimejivua nguo mchana kweupe. (Na suti nilikuwa nayo mwilini!)

Mnamkumbuka Nyambura, ambaye niliwachosha kwa habari zake kule kambini kwenye mkonge? Yule asemaye kwa pua. Nyinyi ndio mlionipa neno lake: king'ong'o. Mimi ujanani nilijua kumtania tu, "Mdomo umemwachia nani?" Kisha nikaondoka kwetu. Miaka kumi na minane, na kila soko nililopita nilitega sikio. Wapi!

Asubuhi nimeshuka gari moshi Ruiru, nikapiga mguu katikati ya mibuni hadi kwao. Swali langu lilikuwa moja: bado atanitaka? (Mtu wa miaka arobaini na mitatu, nauliza swali la kijana!)

Nilipokaribia ua, sauti ikatoka jikoni: "Toka kwenye mahindi, mbuzi wewe!"

Kwa pua! Ile ile!

Hata hodi sikupiga. Nikashika miti ya ua, nikaanza: "Nyambura, usitoke kwanza, nikikuona nitasahau maneno. Nimezunguka dunia nikiitafuta sauti hiyo. Nilikuwa mpumbavu kuicheka. Nikubali, unigombeze kwa pua hiyo mpaka nife!"

Mbuzi akatoka mahindini, akanitazama.

"Endelea, baba," sauti ikajibu. "Nimwambie nini tena Nyambura?"

Akatoka mama yake, mwiko mkononi. Ngai, Mungu wangu! Kumbe king'ong'o hurithiwa kama shamba!

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Basi nikajifunika kofia usoni, nikaruka nje ya njia, nikageukia mibuni kwa adabu zote.

"Wewe, ondoa kofia usoni," akasema. "Anayenificha uso ni mkwe wangu. Naye yuko Ngoliba na Nyambura, wana watoto watano, wote wanasema kwa pua."

Nikaiondoa. Mngeniona! Mtu mzima nimenyimwa hata ruhusa ya kujificha.

Nikaomba maji. Akanipa. Nikamwuliza habari za mvua. Za kahawa. Za yule mbuzi. Akawa anajibu, nami namsikiliza nimefumba macho. Kibuyu cha tatu nimekimaliza bila kiu yoyote.

Barua hii, tafadhalini, msiisome kwa sauti.