Sekela wa Kyimo na Kitufe cha Kusasisha

Jumamosi, tarehe kumi na nane Aprili, mwaka elfu mbili na ishirini na sita. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa ikinyesha Kyimo tangu alfajiri, mvua ile isiyo na haraka, na ukungu ulikuwa umeshuka hata migomba ya uani ikabaki vivuli.

Njooni, enyi wachuma chai na wakata ndizi, nanyi wauza viazi wa kando ya barabara kuu! Tueni mizigo, tegeni masikio, kwa maana linasimuliwa tendo ambalo halijapata kutendeka katika kata hii. Na Mwenyezi Mungu, afunguaye vinywa vya mabubu, ampe msimulizi pumzi ya kulifikisha mwisho.

Kazi iliyomkabili siku hiyo Sekela binti Mwakalinga, Mama wa Vidole Vilivyokolea Utomvu wa Chai, Nguzo ya Dawati la Mbele katika masomo ya jioni ya watu wazima, haikuwa kuua simba wala kuvuka mto uliofurika. Ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja. Msicheke. Wapo waliovuka mito iliyofurika ambao mbele ya kitufe kile wangalikumbuka ghafla kwamba mbuzi wao hawajafungwa.

Ikumbukwe kwamba katika ukoo wao jina la mtoto hutamkwa kwanza na bibi yake, kwa sauti, mtoto akisikia. Kinywa kingine kikitangulia, husemwa kwamba jina limepoa. Na huko Mwanza, kwa bintiye Lulu, palikuwa na mjukuu wa kike wa majuma sita asiye na jina, maana Lulu alikuwa amemsihi mama yake aende, naye Sekela akajibu, "Baadaye, mwanangu. Chai imekomaa." Akasihiwa tena, akajibu, "Baadaye. Tuna jaribio la hisabati." Mwishowe wakakubaliana: saa tano Jumamosi, watu wa Mwanza wakiwa wamekusanyika kwa sala ya shukrani, bibi atatokea kwenye laptopu na kulitamka jina kutoka Kyimo.

Lakini saa tatu, walipoijaribu mitambo, Sekela alimwona Lulu akifungua na kufumba mdomo kama samaki, bila sauti. Naye alipopaza "Haloo!" hata kuku wakatoka uvunguni, Mwanza hawakusikia kitu. Ndipo ukaja ujumbe wa maandishi kwenye kioo: "Mama, laptopu imekuwa bubu. Draiva ya sauti ni ya zamani. Sasisha!"

Draiva ni kijiprogramu kinachoifundisha mashine kutumia spika na maiki yake. Na mashine haikuwa imeficha upungufu wake. Kwa mwaka mzima ilikuwa ikimletea Sekela vitufe viwili, "Sasisha sasa" na "Nikumbushe baadaye", na kwa mwaka mzima Sekela alikuwa amechagua cha pili, kwa adabu, kama mtu anayemwambia mgeni kwamba chakula hakijaiva.

Wala hapakuwa na njia ya kuuzunguka uwanja wa vita. Kitochi chake, simu yake ndogo ya vitufe, kilikuwa kimelowa shambani juzi yake, sasa kimezikwa ndani ya mchele kikisubiri ufufuo. Simu janja ya jirani yake Najat ilikuwa imekwenda Mbeya na mumewe kufuata vitambaa. Na betri ya laptopu ilikuwa imechoka: umeme ukikatika katikati ya kusasisha, mashine ingezimika, pengine isiamke tena, na jina lingepoa.

Likaketi baraza la vita. Wa kwanza kusimama alikuwa Ambindwile, kaka wa marehemu mume wa Sekela, Ngome ya Mambo Yalivyo.

"Shemeji," akanguruma, "sikia neno la mtu aliyeumia. Nilikuwa na redio. Ilisema vizuri, ila ilikoroma kidogo. Fundi akaniambia, mzee, naigusa kidogo tu. Akaigusa! Leo hii kuku wanatagia ndani yake. Kitu kinachopumua usikipasue. Umwone mjukuu, utabasamu, umpungie mkono. Mkono nao ni salamu!"

"Na jina ataliandika hewani kwa kidole?" Huyo alikuwa Najat, Malkia wa Cherehani, aliyeingia na futi yake shingoni. "Shemeji Ambindwile, wewe hata paa lako linavuja unaogopa kuliziba usije ukaliudhi. Mama Lulu, nisikilize mimi. Cherehani asiyoitia mtu mafuta kwa kuogopa kuiharibu, hiyo ndiyo inayokufa. Bonyeza!"

"Na umeme, Mama Hafidhi?" Sekela akamuuliza Najat. "Na mvua hii?"

"Umeme ni wa Mungu na wa shirika. La shirika siliwezi. La Mungu, wewe omba kwako, na mimi naomba kwangu."

Sekela akafumba macho. Hakuomba maneno mengi. "Bwana, ile mara ya kwanza Lulu aliponiita nilisema baadaye. Nilijua chai ingenisubiri. Niliogopa safari. Usimwadhibu mtoto kwa woga wangu. Ushike umeme." Akafungua macho, akainua kidole cha shahada kama jemadari anyanyuaye upanga, akakishusha.

Sasisha sasa.

Ikaanza safari ya asilimia, ndefu kuliko mlima wa Igawilo mtu akiwa na gunia la viazi. Kumi. Kumi na mbili. Radi ikapiga upande wa Matwebe. Taa ikakonyeza, na nyumba nzima ikaacha kupumua. Taa ikarudi. Sitini. Tisini. Kisha mashine ikatoa mkoromo mdogo, na kioo kikawa cheusi tii.

Wakangoja. Weusi ule haukutikisika.

"Imekufa," akasema Ambindwile, na kwa haki ya historia iandikwe kwamba hakufurahi. Machozi yalimlenga. Akatoka hadi barabarani, mikono kichwani, akalia, "Mwe bandu! Enyi watu! Imetutoka! Kwa Sekela imetutoka!"

Na Kyimo msiba huendewa kwanza. Kuuliza aliyekufa ni nani, huja baadaye. Hata robo saa haikupita, ua ulikuwa umejaa akina mama waliojifunga vitenge viunoni, wenye mikeka, wenye kuni zilizolowa, wenye mikungu ya ndizi. Mzee wa kanisa Ezron akaanzisha wimbo wa maombolezo. Agness muuza maparachichi akamkumbatia Sekela, akalia naye kwa uaminifu mkubwa, kisha akamnong'oneza sikioni, "Pole, dada. Ni nani?"

"Ni laptopu," akasema Sekela.

Agness akafikiri. "Ilikuwa inaumwa?"

"Sauti."

"Pole sana," akasema Agness, akaendelea kulia, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuanza.

Ndipo katikati ya ubeti wa tatu, kutoka mezani, ikasikika sauti: tarumbeta ndogo, nyororo, ya mashine inayoamka. Wimbo ukakatika. Kioo kikang'aa kama jua juu ya Rungwe baada ya masika. Zilikuwa zimesalia dakika nne kufika saa tano, na Mwanza ikapiga tena.

"Mama?" ikasema laptopu. "Mama, unanisikia?"

"Nakusikia, mwanangu!"

"Na mimi nakusikia! Mama, hao watu wote ni wa nini? Kuna msiba?"

"Ulikuwepo," akasema Ambindwile, akipangusa pua. "Umeahirishwa."

Lulu akamsogeza mtoto karibu. Sekela akainama, na waombolezaji wote wakainama nyuma yake. Kwa sauti iliyovuka milima na mikoa akalitamka jina, likiwa bado la moto: "Tupokigwe!" Mtoto akashtuka, akalia, na kilio kile kikasikika kila tone katika Kyimo. Vigelegele vikapasuka. "Ndaga fijo, Bwana! Asante sana!" akapaza Ezron. Na ijulikane hata kwa vizazi vijavyo kwamba siku hiyo mama wa darasa la jioni alipigana na giza, na giza likajisasisha.

Ghasia zilipotulia Lulu akauliza, polepole, "Mama, utakuja lini umshike?"

Neno la zamani likaja lenyewe hadi ncha ya ulimi. Sekela akalimeza. Akawageukia wale waliokuja kumzikia mashine, Najat na futi yake, Agness na macho yake mekundu, Ambindwile, Ezron, akainua mkono wa kuume.

"Ninyi nyote ni mashahidi, na Mungu juu yenu. Jumatatu nakata tiketi ya basi. Tupokigwe, bibi anakuja."