Mwizi wa Springi za Injini

Jumamosi, 2 Agosti

Leo nimeanza. Mikono imejaa grisi hadi kwenye viwiko. Roho imetulia. Naandika kila kitu, maana siku ya kesi nitahitaji kumbukumbu.

Gari ni la marehemu baba mkwe. Limelala bandani, nyuma ya chumba cha mama mkwe, ambaye anaishi nasi tangu afiwe. Gari lenyewe limetuzidi umri mimi na mke wangu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alitaka wanunuzi wa vyuma chakavu walichukue. Mama mkwe akakataa. Juzi akatamka mezani kwamba kati ya shemeji na mimi, atakayeifanya injini ingurume, gari ni lake.

Shemeji ni mwalimu wa udereva. Akacheka, akasema yeye anajua kuendesha, kufumua hajui, ananiachia mimi. Haraka mno. Mtu hakuachii mfupa wenye nyama ila kuna jambo analijua kuhusu huo mfupa.

Mimi ni kinyozi. Fundi magari wa mtaani, ambaye namnyoa kila wiki, alijitolea kunielekeza bure. Bure! Nikamshukuru, nikakataa. Ukimkaribisha fundi kwenye injini ya zamani, zinaingia pistoni za asili, zinatoka ndugu zao wa kambo. Isitoshe, mtu anayeweza kunyoa kidevu cha mteja mwenye kwikwi bila kumkata hawezi kushindwa na nati.

Kufikia jioni injini nzima ilikuwa imefumuliwa na kugawanywa kwenye makopo. Mke wangu akauliza kama nimeweka alama, kipi kimetoka wapi. Nikamwambia yote yako kichwani. Akakitazama kichwa changu kwa muda. Sikuupenda ule mtazamo.

Jumapili, 3 Agosti

Springi moja ya valvu haipo.

Nimepekua makopo yote. Nimelala chali chini ya gari. Hakuna. Bila springi valvu haifungi, na valvu isipofunga injini ni jiwe tu lenye matundu. Aliyeichukua alijua anachukua nini.

Shemeji alikuja jana kunywa chai. Alivaa koti, na jua lile. Alikwenda msalani akakaa huko. Aliporudi alisema tumbo linamsumbua. Tumbo, au mfuko wa koti?

Jumanne, 5 Agosti

Nimemwita shemeji kibandani kwangu nimnyoe, zawadi ya undugu. Mbinu yangu ni ya zamani na haijawahi kuniangusha: mtu akiwa amelala kwenye kiti, povu limempanda hadi masikioni na wembe uko kooni, hana nafasi ya kutunga uongo. Nikamuuliza, kama vile natania, usiku analalaje mtu aliyechukua kisicho chake.

Akajibu kwamba analala vizuri. Kisha akaniuliza kama nimeangalia vifuniko vya konrodi, vile vyuma vinavyoshika pistoni kutoka chini. Kila kifuniko, alisema, kirudi kwenye konrodi yake, vikibadilishana injini itakwama.

Mkono ukaniteleza. Sikio lake litapona.

Lakini amejuaje kwamba vifuniko vyangu vimechanganyika? Nimeviweka vyote kwenye kopo moja na sijamwambia mtu. Mtu asiyejua kufumua anajua habari za vifuniko! Kikulacho ki nguoni mwako, na cha kwangu kimevaa koti.

Alhamisi, 7 Agosti

Springi nyingine imekwenda. Na safari hii shemeji hakukanyaga hapa. Kwa hiyo ana mtu ndani ya nyumba.

Nimemchunguza mke wangu wakati wa chakula. Alikula kama kawaida, na hilo lenyewe linatia shaka. Jirani naye alipita ukutani akauliza injini inaendeleaje. Nikamjibu kwamba inaendelea. Asipate hata neno moja la kuuza.

Mama mkwe peke yake ndiye mtu safi katika nyumba hii. Alikuja bandani asubuhi, akasimama mlangoni, akanitazama nikizisugua pistoni kwa mafuta ya taa. Nilifarijika. Hata nikamweleza kwamba kuna mwizi, akafumba macho kwa huzuni.

Mtego nimeshautega. Springi zilizobaki nimezifungia kwenye sanduku la mbao, na kishikio cha sanduku nimekipaka piko ile nyeusi ninayowapaka wazee wanaoficha mvi. Piko ikishika ngozi haisikii sabuni. Mwizi atatembea na hukumu yake kiganjani.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimelifungua sanduku mwenyewe. Nilikwenda kuhakikisha springi zipo.

Wateja watatu wameniuliza mkono umepatwa na nini. Wa nne hakuuliza, aliinuka kwenye kiti akasema atarudi kesho. Mke wangu amecheka hadi akakaa chini. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Hawakusema lolote kuhusu kujinasa, kwa hiyo sioni aibu.

Nimepaka upya. Safari hii na ukingo wa kifuniko.

Jumapili, 10 Agosti

Niandike taratibu. Leo sijui nianzie wapi.

Niliwaalika wote chai ya alasiri: shemeji, jirani, hata fundi. Nikawapokea mlangoni mmoja mmoja kwa kuwapa mkono, na kila mkono nikaugeuza kama anayesoma bahati. Shemeji msafi. Jirani msafi. Fundi ana mafuta, lakini ya kwake. Nikabaki nimeduwaa na birika mkononi.

Mama mkwe akatoka chumbani mwisho. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunipa mkono. Akakaa, akanywa chai kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ameufunika kwa mtandio. Nikadhani ni baridi yabisi. Nikamwambia mke wangu amletee mama mafuta ya kuchua.

Mke wangu akauinua mtandio amchue. Vidole vyote vitano, vyeusi.

Hakuna aliyecheka. Mama mkwe akaweka kikombe chini.

"Ni mimi," alisema. "Msimtafute mtu mwingine."

Shemeji akamuuliza springi za nini, mama. Akasema hazitaki springi, anataka gari lisiondoke. Kila asubuhi, sisi tukiwa bado tumelala, huenda bandani akakaa kwenye kiti cha mbele, upande aliokuwa akikaa yeye enzi mumewe akishika usukani. Hukaa kidogo, kisha hurudi kuchemsha maji. Mwanawe alipoanza habari za vyuma chakavu alijua maneno matupu hayatamzuia. Ndipo akatafuta ujanja: maadamu kuna mtu anaifukuzia injini, hakuna atakayethubutu kuliuza gari.

Nikamuuliza kwa nini basi aniibie mimi ninayemsaidia.

"Mwanangu, nilikubali uishike wewe kwa sababu nilijua hutaweza," alisema. "Nikajua utafungua, utachoka, gari litabaki. Halafu nikakuona unavyozisafisha zile pistoni, kama mtu anayemnyoa mtoto mchanga. Nikaogopa. Nikasema huyu ataweza, na akiweza atalitoa bandani, na mimi asubuhi nitakaa wapi?"

Shemeji alitazama viatu vyake. Miaka yote niliyooa nyumba hii, hakuna aliyewahi kuniogopa kwamba naweza.

Nikamwambia gari hata likinguruma litalala bandani pale pale, na halitatoka getini bila yeye kukaa kiti cha mbele. Shemeji akasema na yeye anaapa hivyo hivyo. Mama mkwe akaingia chumbani, akarudi na springi zimefungwa kwenye leso. Alikuwa amezipangusa zinang'aa.

Jumamosi, 16 Agosti

Wiki nzima tumeisuka injini, fundi, shemeji na mimi. Vifuniko vya konrodi vilikuwa vimechanganyika kweli. Fundi alivitambua kwa alama zilizochongwa ubavuni, na hakunicheka sana. Shemeji alikiri kwamba siku ile kibandani alikisia tu, kila anayefumua kwa mara ya kwanza huvichanganya.

Leo mchana nikawasha. Ikakohoa. Ikanyamaza. Nikawasha tena, ikapiga chafya ya moshi mweusi ikamfukuza jirani ukutani, kisha ikashika. Ilitetemeka banda zima likitetemeka nayo.

Mama mkwe alikuwa kiti cha mbele, ameweka kiganja chake cheusi juu ya dashibodi. Akasema hata kwa marehemu ilikuwa ikianza na kikohozi hicho hicho. Shemeji akaliendesha polepole hadi mwisho wa mtaa na kurudi, mimi na mke wangu nyuma. Nilimwona mama kwenye kioo akitabasamu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta.

Nimejifunza jambo kubwa. Ndugu hawafai kushukiwa. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumapili, 17 Agosti

Nimefagia banda baada ya kifungua kinywa. Chini ya benchi nimekuta bolti.

Bolti nzima, nzuri, haina hata kutu. Injini inanguruma bila kukosa kitu, kwa hiyo si yake. Basi ni ya nani? Wiki iliyopita walikuwa wanapunguza, sasa wanaongeza. Kuna mtu anayeingiza vyuma vyake kwenye mali ya familia ili baadaye adai fungu.

Fundi jana alikuwa anaimba akifanya kazi. Shemeji amekuwa mkarimu ghafla. Mke wangu nimemwonyesha bolti, akasema labda nimesahau kuifunga mahali. Ametoa wapi wazo hilo, na kwa nini upesi hivyo?

Sijamwambia mtu mwingine. Kesho naifumua injini yote, hadi nijue ni nani.