Mikanda Kumi na Mmoja Chini ya Kitanda

Jumatatu, 3 Juni 1991. Chanika.

Nimehesabu tena. Mikanda ya mashine kumi na mmoja chini ya kitanda. Alhamdulillahi. Baba Naima kanuna. Eti mashine ya kusaga inavaa mkanda mmoja, hiyo mingine ya nini? Anasema Kariakoo siku hizi spea zimejaa, ukitumia mmoja unanunua mmoja, basi. Kasahau huyu! Mie sijasahau ile miaka ya foleni, mkanda ulipokatika tukatwanga kwa mchi miezi mitano.

Leo nimeipaka yote mafuta ya nazi, isipauke. Mpira nao ni ngozi. Watoto sita nimewalea hivyo hivyo, hakuna aliyepasuka. Naima kaniuliza kama na kuiogesha nitaiogesha. Nimemtuma akafagie uani.

Jumanne, 4 Juni.

Kaja mpishi mkuu wa shule ya bweni. Magunia ishirini ya mahindi, unga anautaka Ijumaa. Akiridhika, kazi ya mwaka mzima ni yetu. Bernadeta, mwenye mashine ya ng'ambo ya barabara, alikuwa mlangoni kwake anasikia kila neno. Asikie!

Mpishi alipoondoka Baba Naima akaniambia, "Mashine ikituangusha safari hii, namuuzia Bernadeta. Nimechoka."

Mie niliishia darasa la pili. Mashine hii ndiyo inayosomesha wanangu.

Jumatano, 5 Juni.

Gunia la saba linamalizika, paa! Mkanda umekatika. Wateja wameguna, mie nimecheka. Nikaingia chumbani, nikatoka na mkanda mpya nimeubeba kama mtoto wa arobaini, nikapita taratibu Bernadeta auone.

Fundi Wilbert akaufunga. Injini inanguruma, puli, lile gurudumu la mkanda, inazunguka, mashine imelala. Mkanda unateleza. Wa pili vilevile. Wa nne umevimba kama andazi. Kufika wa tisa Wilbert akanusa vidole vyake, akaniuliza kwa adabu kama huwa naupikia mchuzi. Nikamweleza. Akakaa chini.

"Mama, mafuta ni sumu ya mpira. Umeiua yote."

Yote! Ile mingine miwili tumeijaribu kwa kutimiza wajibu tu.

Alhamisi, 6 Juni.

Magunia kumi na matatu yamekaa yananitazama. Kariakoo ni mbali, kwenda na kurudi siku imekwisha. Baba Naima anaizunguka mashine kama mtu anayeuza ng'ombe.

Nikavuka barabara. Nilitegemea kejeli, nikazikuta zimeiva. Bernadeta ana mkanda wa akiba mmoja tu, umening'inia kwenye msumari, mkavu, una karatasi ya tarehe aliyoununua.

"Dada, kumbe wewe unailea mikanda? Mie naifunga tu kwenye mashine."

Kanipa. Sharti lake, magunia sita asage yeye, na kazi ya shule tugawane mwaka mzima. Nimekubali kabla hajafunga mdomo. Jioni Baba Naima kaukagua unga, kaguna, kasema mashine ibaki. Nimeingia jikoni nikalia kidogo.

Jumamosi, 8 Juni.

Unga ulifika shuleni jana, mpishi karidhika. Na mie somo limeniingia! Wilbert kanieleza mara mbili: spea ziwe chache, zikae pakavu, ya zamani itumike kwanza. Na ile ya mafuta sihitaji kukumbushwa.

Leo nimekwenda Kariakoo. Mkanda mmoja wa kumrudishia Bernadeta, mmoja wetu. Wala sikuzidisha. Beringi sita tu nimeongeza, zile pete za chuma za kuzungusha mhimili wa mashine bila kukwaruza, maana muuzaji alikuwa mtu wa heshima.

Nyumbani nafungua karatasi, lahaula! Beringi zote zimejaa grisi mpaka ndani. Wanatuuzia spea zimeshatiwa sumu! Nimezisugua moja moja kwa sabuni ya mche na maji ya moto, nikazisuuza mara tatu, nikazianika uani juani. Zinang'aa kama hereni. Tone la grisi halikubaki.

Nimemtumia Wilbert salamu, kesho aje azifunge zote.