Mwangalizi wa Wagonjwa Kumi na Saba

Simu ilitetemeka juu ya sahani ya bati kabla hakujakucha. Mwanangu akageuka bila kuachia ziwa. Lilikuwa tangazo la Kurugenzi ya Ukamilifu wa Takwimu, Kasese: kuanzia leo, utupu umepigwa marufuku.

Nilifurahi. Kwenye kozi ya jioni nilisomea mambo hayo hayo, nafasi tupu ndani ya faili.

Kazi yangu ilikuwa kuhamisha orodha ya wagonjwa wa kituo cha Mirembe, Bwera, kutoka faili la zamani la XML kwenda jipya. Humo kila habari hukaa kati ya tagi mbili, alama ya kufungua na ya kufunga. Mgonjwa asiye na ndugu wa kumpikia na kumfulia, tagi yake ya mwangalizi ilikuwa tupu. Wengine tagi yenyewe hawakuwa nayo.

"Tupu maana yake tuliuliza, hakuna mtu," nilimweleza Mkurugenzi Niwagaba. "Ikikosekana, hatukuuliza."

"Mama Kosmasi, zote ni aibu. Mwenye aibu asivuke kwenda faili jipya."

"Asipovuka hapewi dawa, mzee. Kuna mtoto, Sunday, miaka sita, mguu umeungua. Mtu wa bodaboda alimwacha pale akaenda zake."

"Basi jaza."

"Nijaze nani?"

"Fuata sampuli rasmi. Usiniletee falsafa."

Mimi ni mtumishi mtiifu. Sampuli rasmi aliiandika mwenyewe, na kila palipotakiwa jina aliweka lake, ili wilaya ijifunze kuliandika vizuri. Nikaweka kanuni: tagi ikiwa tupu, au isipokuwepo, andika Niwagaba. Faili likavuka bila kosa hata moja. Sunday akapata dawa. Mkurugenzi akapata barua ya pongezi: ukamilifu, asilimia mia.

Alhamisi tukaenda Bwera kukagua. Sista Teopista alitupokea mlangoni na beseni.

"Muzee, karibu. Wagonjwa yako beko kumi na saba. Mashuka iko kule. Sabuni haiko, utanunua."

"Mimi ni Mkurugenzi."

"Kompyuta inasema weye ni mwangalizi. Ile ya asilimia mia."

Mkurugenzi aliniinamia. "Futa," alinong'ona.

"Nafuta sasa hivi, mzee. Tutashuka hadi asilimia hamsini na nane. Barua ya pongezi nadhani wataitaka irudi."

Alifikiri kwa muda unaolingana na cheo chake. Kisha akakunja mikono ya shati, akachukua upawa wa uji, akaanza na kitanda cha kwanza.

Sunday alionja, akamtazama.

"Uji hii haina sukari."