Laptop Yangu Kwenye Mnada wa Kabeji

Leo nimenunua laptop yangu mwenyewe. Ndiyo, yangu. Ile ile. Na nimeinunua mbele ya kanisa zima! Tulieni niwasimulie kabla hamjaisikia kwa watu wa kwaya, maana wale wataongeza chumvi.

Mnaijua laptop yangu. Ile kubwa, unaweza kusukumia chapati juu yake. Naitumia kupanga vijitabu vya mazishi na kadi za harusi, kazi inayonilisha hapa Ruring'u. Herufi mbili zimeng'oka, kifuniko nimekifunga kwa mpira wa tyubu, na ikiwaka inanguruma hadi majirani wanajua nimeanza kazi. Kwa muda mrefu nimekuwa nikijiuliza: niibadilishe na ile ndogo inayoingia kwenye mkoba, au nivumilie? Pesa za kuongezea zilikuwa tayari kwenye simu. Kilichobaki ni roho kukubali. (Mkono wangu ni mgumu. Mama anasema nimefanana na baba.)

Kariuki wa kwaya, anayeuza laptop za mitumba mjini, akaniambia niilete kanisani leo, aikague baada ya ibada.

"Lakini iko sawa?" aliniuliza kwa simu.

"Haina shida hata moja," nikamjibu. "Ni kubwa tu." (Mungu ananiona.)

Ndani yake kulikuwa na kijitabu cha mazishi cha mzee mmoja wa Kerugoya, picha zote na wasifu wote. Nilikimaliza jana. Familia yake inakitaka kesho asubuhi kikachapishwe.

Begi la laptop lilikatika mkanda zamani, basi nikaitia kwenye kiondo, nikaifunika kwa leso. Nikamwachia mama kiondo kwenye benchi, nikaenda kuimba.

Nilichosahau ni kwamba leo ilikuwa Jumapili ya mavuno. Kwetu watu huleta kabeji, ndizi, kuku na maziwa, vyote vinapelekwa madhabahuni, kisha baada ya ibada vinapigwa mnada. Safari hii pesa ni za paa la jiko la kanisa.

Tuko katikati ya wimbo, watu wanapeleka sadaka wakicheza. Naona mama ameinuka. Naona kiondo changu. Mama anacheza nacho! Ule uzito umemfurahisha, anadhani nimeleta viazi. Mimi niko mstari wa mbele wa kwaya, mikono juu, na mzee wa Kerugoya anapelekwa sadaka! Nikamkonyezea mama macho asimame. Akanikonyezea pia, akaongeza mwendo.

Nikajiambia nitamnong'oneza mchungaji baadaye. Wapi! Mchungaji alikuwa ameshafunua leso.

"Haiya! Kuna mtu ametoa komputa!"

"Ni Nyambura wangu!" mama akapaza sauti.

Kanisa likapiga makofi. Nikaitwa mbele, nikaombewa baraka nyingi. Ungekuwa wewe ungesema nini? Nilisema amina.

Mnada ukafanyika nje kwenye nyasi, katika baridi hii ya Julai, kila mtu amejikunja ndani ya koti. Mpiga mnada alikuwa Mzee Gachanja, mzee wetu wa kanisa. Kabeji zikaisha haraka. Jogoo akagombaniwa. Ikafika zamu ya laptop, watu wakaanza kuangalia viatu vyao.

"Kariuki," akaita Mzee Gachanja, "wewe ndio unajua hizi vitu. Kuja uambie watu hii ni ya ngapi."

Kariuki akaiwasha. Ikanguruma. Watoto wakarudi nyuma.

"Mzee, niseme ukweli?"

"Uko kwa boma ya Mungu, kijana!"

"Hii ikue yangu, ningeweka kwa choo ishikilie mlango."

Watu walicheka hadi wengine wakashikana mabega. Nikacheka pia. (Uongo. Nilikuwa karibu kulia.) Ndipo Cucu Wairimu, mama mzee mwenye kuku wengi, akasogea akaweka viganja juu ya laptop.

"Lakini iko na moto mzuri," akasema. "Hii inaweza wekea vifaranga zangu joto. Mia tano!"

"Elfu!" nikapiga kelele.

Mzee Gachanja akanitazama. "Nyambura, si ni wewe umetoa?"

"Nimetoa, mzee. Lakini nimeikumbuka."

Wakashangilia, ati moyo wangu ni wa kutoa. Cucu akapandisha. Nikapandisha. Cucu huyo habishani na mtu akashindwa! Kila nikitaja bei, anatabasamu, anapasha viganja moto tena, anaongeza. Tukapanda hivyo hadi nikataja pesa zote zilizokuwa kwenye simu, zile za laptop ndogo. Nikamwona Cucu anafungua mdomo tena. Nikachanganyikiwa kabisa.

"Cucu, tafadhali! Kuna marehemu ndani!"

Cucu akavuta viganja haraka, akavifuta kwa koti.

"Ngai! Na nimekuwa nikiota moto yake!"

"Imeenda!" akasema Mzee Gachanja, kabla sijafafanua. Kumbe ningelisema hilo neno mapema, ningeliipata kwa elfu moja.

Nikalipa. Nikabaki nimekumbatia laptop yangu kwenye nyasi, Kariuki akanijia polepole.

"Kwani ulikuwa unataka nini ndani ya hiyo kitu?"

"Kazi ya watu, Kariuki! Inatakikana kesho!"

"Si ungeniambia nikutolee na flash, Cucu abaki na jiko yake?"

"Flash ningeitoa wapi hapa kanisani?"

Alinyoosha kidole kwenye funguo zangu. Flash ilikuwa inaning'inia hapo, imekuwa ikining'inia hapo tangu asubuhi, na ni yeye aliyenipa.

Mama anatembea kama amevishwa taji. Anaambia kila mtu hajawahi kuona mtoto anayetoa kitu kimoja mara mbili.

Kwa hivyo nyinyi mliokuwa mkiniuliza kama nitachukua ile ndogo: hapana, ile ndogo sasa ni mabati ya kanisa. Na mwenye kucheka acheke akija na mpira wa tyubu, wangu ulikatikia kwenye mnada.