Tarikhi ya Kamba ya Kuanikia Nguo

Njooni, enyi mlioketi na mliosimama, enyi wenye viti na enyi wa kuegemea ukuta! Sogezeni masikio, zimeni redio, na mwenye kikohozi akakohoe nje, kwa maana habari niliyoibeba ni nzito na mimi si mtu wa kurudia rudia. Nitawasimulia jinsi shujaa mmoja, bila spana, bila jeki, bila hata tone la grisi katika ukoo wake, alivyolishinda gari lililogoma njiani kwa kamba ya kuanikia nguo, kipande cha sabuni, pini moja na mwiko. Wapo watakaosema natia chumvi. Hao nawajibu mapema: nilikuwepo, kiti cha nyuma, chupa ya chai mapajani, na paja hili la kushoto lina alama mpaka leo.

Shujaa mwenyewe ni mume wa mpwa wangu: Karani wa Maktaba, Mpanga Vitabu kwa Herufi, Mfuta Vumbi Asiyechoka, mtu mpole ambaye akikanyagwa mguu humwomba radhi aliyemkanyaga. Mkewe, huyo mpwa wangu, alisomea ufundi wa magari miaka miwili, mwanamke pekee kati ya wanaume ishirini na wawili. Na kila jioni ya miaka hiyo, yeye akiosha vyombo, mumewe alikaa kwenye kigoda jikoni na kitabu mkononi akimhoji: "Swali la kumi na nne. Injini inanguruma lakini gari halina nguvu ya kwenda, tatizo ni nini?" Naye akijibu huku akisugua sufuria. Kwa hiyo shujaa wetu aliujua ufundi wote kwa maneno, tangu jalada hadi jalada, ila kwa macho hakuwahi kuona kifaa hata kimoja. Hilo lishikeni vizuri, tutalirudia.

Sasa simameni kidogo, nimtaje dada yangu. Mama mkwe wa shujaa! Mpishi wa hospitali kwa miaka thelathini, Mtawala wa Masufuria, Mlisha Wagonjwa na Madaktari, ambaye akisema "hii haina chumvi" hata chumvi huona haya. Miaka hiyo yote jiko lilimnyima jambo moja. Binti yake alipopewa cheti cha shule ya msingi, dada alikuwa zamu. Cha sekondari, zamu tena. Sasa amestaafu, akasafiri siku nzima kuja kwa binti, akakaa wiki mbili akiingojea asubuhi moja ya mahafali ya ufundi. "Mama, jina langu litasomwa mara moja tu," binti alimwambia. Dada akamjibu, "Safari hii nitalisikia kwa masikio yangu haya, hata nije kwa magoti."

Lakini dada hakumkubali mkwewe. Miaka minne ya ndoa, na bado alimwita "huyo bwana wako." Wiki mbili alizokaa kwake alianika nguo zake kwenye kamba yake mwenyewe, aliyokuja nayo mkobani, kwa sababu kamba za watu hazijui, akakoroga kwa mwiko wake mwenyewe, kwa sababu miko ya watu haijui. Kitu kimoja tu alikisifu katika nyumba ile. Siku moja shujaa alitundika pazia jipya sebuleni kwa mikono yake, dada akalitazama juu mpaka chini, akasema, "Angalau pazia limenyooka." Masikini ya Mungu, kijana aliishi kwa sentensi ile siku nne.

Basi ikafika asubuhi yenyewe. Mpwa wangu aliondoka alfajiri na wenzake. Sisi watatu tukaingia kwenye gari lao, gari kuukuu ambalo zamani lilikuwa jeupe: shujaa kwenye usukani, dada kando yake, mimi nyuma na chupa, na mkoba wa dada kwenye buti, kwa kuwa baada ya sherehe angepitiliza stendi apande basi la kwao. Majina yangeanza kusomwa saa nne. Tuliondoka saa tatu, tukaenda kwa amani, tukapita sheli, tukapita kiwanda cha matofali, na mimi nikaanza hata kusinzia.

Pa! Kitu kilikatika chini ya miguu ya shujaa. Pedeli ya mafuta ikalala sakafuni, haina ukinzani wowote tena, na gari likajikokota pembeni likinguruma bila kwenda, kama mtu anayesema "nakuja, nakuja" na bado yuko kitandani.

"Kuna nini?" akauliza dada.

Shujaa alifumba macho. Midomo ikawa inamtetema. Nikadhani anasali, kumbe anasoma. "Swali la kumi na nne," akanong'ona. "Jibu: waya wa mafuta umekatika, ule unaotoka kwenye pedeli kwenda kwenye kabureta. Dalili: pedeli haina uzito. Dawa..." Akafumbua macho. "Dawa ni kubadilisha waya."

"Sasa si ubadilishe!" akafoka dada. "Mwanangu alinunua mpya, nilimwona nao kwa macho yangu. Ameuviringisha, mweusi, mrefu, una kichuma kidogo mwishoni. Akauweka juu ya kabati, akasema mwezi huu lazima aufunge. Uko wapi?"

Enyi wasikilizaji, nimeona watu wakipauka, lakini kupauka kule sijaona. Shujaa alitazama usukani, akatazama mawingu, akanitazama mimi kwenye kioo, kana kwamba mimi ningemsaidia nini.

"Mama," akasema kwa sauti ya mtu anayejitoa polisi mwenyewe, "huo waya... nilidhani ni wa pazia."

Lori likapita.

"Ndiyo maana limenyooka," akasema dada taratibu.

Mimi nilicheka. Nakiri, nilicheka mpaka chai ikanimwagikia paja, na hilo ndilo kovu nililowaambia, basi kila mtu alilipa siku ile. Dada hakucheka. Aliangalia saa yake: saa tatu na dakika ishirini na tano. Barabara ile ya viwandani ilikuwa tupu, na malori yaliyopita hayakujali mkono wangu uliopungwa. Nikamwona dada yangu, mwanamke aliyezika mume bila kuyumba, akifungua na kufunga kishikizo cha mkono wa gauni lake. "Nitalikosa tena," akasema, hakumwambia mtu.

Hapo ndipo shujaa alipozaliwa! Nasema alizaliwa, kwa kuwa yule aliyeshuka garini hakuwa yule aliyepanda. Alikunja mikono ya shati lake la sherehe, akafungua boneti kwa mara ya kwanza maishani mwake (baada ya kulitafuta komeo lake dakika tatu, lakini tarikhi haihesabu dakika za namna hiyo), akaiinamia injini na kuihutubia. "Wewe ndiye kabureta," akasema, akikigusa kitu kwa kidole. "Hapana. Wewe. Ukurasa wa sitini na mbili, mchoro wa pili. Na huu ndio mkono unaofungua mafuta." Akauvuta ule mkono mdogo wa chuma kwa kidole, na injini ikanguruma kwa nguvu mpaka akaruka nyuma. Kisha akacheka peke yake. "Mama!" akaita. "Huu mkono hautaki waya. Unataka kuvutwa tu! Kitu chochote kitauvuta. Una kamba?"

Ana kamba! Mwanamke asiyeamini kamba za watu, mnamwuliza kama ana kamba! Buti likafunguliwa, mkoba ukatapika, na silaha zikatoka moja baada ya nyingine. Kamba ya nailoni ya kuanikia, rangi ya kijani. Pini kubwa ya kufungia kanga, ambayo shujaa aliipitisha kwenye tundu la ule mkono wa chuma na kuifungia kamba. Sabuni ya mche, ambayo aliipaka kamba yote ili isikwame pale inapopita chini ya ukingo wa boneti. Kisha kamba ikaingizwa dirishani upande wa abiria, na ncha yake ikafungwa kwenye mwiko, ili mvutaji apate pa kushika.

"Mjomba, njoo uvute," shujaa akaniambia.

"Huyu?" dada akasema. "Huyu mdogo wangu chupa ya chai tu imemshinda. Lete hapa."

Akaketi, akaushika mwiko kwa mikono miwili, kamba ikakaza. Shujaa akaushika usukani. Nao mguu wake wa kulia sasa ulibaki na breki peke yake, mafuta yakawa mikononi mwa mama mkwe.

Na hapo, jamani, tukakutana na adui mkubwa kuliko waya. Adabu! Tangu lini mkwe akamwamrisha mama mkwe wake? Shujaa akatia gia, akakohoa, akaanza: "Mama yangu mpendwa, kama hutajali, na kwa heshima zote ninazokupa, naomba, kama mikono haikuumi, uvute kido..." Gari likazimika. Akaliwasha. "Mama, samahani kwa usumbufu, ninakuomba radhi kwanza kabla sijaku..." Likazimika. Mara ya tatu alifika kwenye "shikamoo" tu.

Dada akamgeukia. "Sikiliza, wewe bwana. Leo mimi si mama mkwe wako. Leo mimi ni mguu wako wa kulia. Ulishawahi kuuambia mguu wako shikamoo?"

"Hapana, mama."

"Basi usinianze."

Shujaa akashika ufunguo. Akawasha. Na kwa sauti ambayo haikuwahi kusikika maktabani wala nyumbani, akapiga kelele: "VUTA!"

Dada akavuta. Lo! Gari liliruka kutoka pembeni mwa barabara, kichwa changu kikapiga paa, matofali ya kiwanda yakabaki nyuma huko. "Legeza!" Dada akalegeza, gia ikaingia. "Vuta! Vuta tena! Legeza, mama, ng'ombe!" Ng'ombe alipita salama, namshuhudia. Kwenye mzunguko wa barabara, mahali ambapo madereva wenye miguu yote miwili hugongana, sisi tuliingia kwa "kidogo, kidogo, kidogo" na tukatoka kwa "yote, mama!", na dereva mmoja wa bajaji alipomwona bibi wa makamo akivuta mwiko dirishani, alizima injini yake akakaa kutazama.

Ukaja mlima. Kila mtu wa mji ule anaujua, magari mazima huupanda yakilia. Katikati tukapungukiwa nguvu, gari likaanza kurudi nyuma inchi kwa inchi, na shujaa akakanyaga breki, jasho likimdondoka kwenye tai. "Mama, sasa nitaachia breki. Nikisema vuta, uvute kama unatoa sufuria la wali motoni."

"Unangoja nini? Sema!"

"Vuta!"

Akavuta kwa miaka thelathini yote ya jiko la hospitali, mguu mmoja juu ya dashibodi, kilemba kikamdondokea machoni, na gari likapanda, likapanda, likafika. Upande wa pili ni mteremko. "Legeza," akasema shujaa. Gari likazidi kasi. "Mama, legeza!" Nikachungulia. Dada yangu, mjane mwenye miaka sitini na tatu, alikuwa ameng'ang'ania mwiko na anacheka kimya kimya, mabega yakimtikisika.

"Bado kidogo," akasema.

Tuliingia uani mwa chuo saa nne na dakika kumi na nane. Kwenye jukwaa mwalimu alikuwa na karatasi mkononi, amefika kwenye jina la ishirini. Dada hakungoja mlango ufunguliwe na mtu. Alikimbia na mwiko mkononi na kamba ya kijani ikimfuata nyuma, maana alisahau kuiachia na pini ilichomoka yenyewe, na alipofika nyuma ya viti vya mwisho, mwalimu akalisoma jina la binti yake. Akalisikia. Alipiga vigelegele mpaka mwalimu akashindwa kuendelea, ikabidi alisome tena, kwa hiyo jina lililokuwa lisomwe mara moja likasomwa mara mbili.

Baadaye mpwa wangu alitufuata garini, na cheti kwapani na machozi bado usoni. Akafungua boneti kwa tabia ya fundi. Akaona sabuni kwenye ukingo. Akatazama waya uliokatika, akatazama mwiko mikononi mwa mamaye. Kisha akamgeukia mumewe, macho yamekuwa madogo.

"Na ule waya mpya niliouacha juu ya kabati?"

Shujaa akafungua mdomo akiri. Ninyi mnamjua, angekiri na kuomba radhi na kuandika barua.

"Niliutumia mimi," akasema dada yangu. "Nilikuwa na shughuli nao. Usimsumbue mwanangu, ameendesha mbali."

Mwanangu! Mpwa wangu alitutazama mmoja mmoja. Shujaa aligeuka akaanza kufuta kioo cha gari kwa tai yake, kioo ambacho hakikuwa na vumbi, akakifuta muda mrefu sana.

Dada hakupitiliza tena; tulikwenda kwanza kula nyumbani, na jioni tukamsindikiza stendi, gari likiwa na waya wa kuazima kutoka chuoni. Akapanda basi, akakaa dirishani. Tuliporudi nyumbani tukaikuta kamba ya kijani imefungwa uani, kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mti wa mpapai, imekazwa kwa fundo lake la hospitali, na mwiko umelala jikoni juu ya sufuria. Aliifunga saa ngapi, sijui, labda tulipokuwa tunakula. Mpwa wangu akaingia sebuleni, akawasha taa, akalitazama pazia, na kwenye kona akaona kichuma kidogo kimechomoza.

Alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Mama alijua?"

"Alijua," akasema shujaa.

"Basi lisiguswe," akasema fundi, na halijaguswa. Nendeni sasa mkawasimulie wanenu: pazia lipo, limenyooka, na nguo za nyumba ile zinaanikwa kwenye kamba ya mwanamke asiyeamini kamba za watu.